Dola Ikipanda, Andazi Hupungua

Nyumba tunayokaa, mtaa wa Kiponda, ina ngazi 38 toka mlango wa mbele mpaka juu kabisa. Nimezihesabu mara nyingi, hasa zile siku ambazo umeme umekatika na mtu anapanda kwa kupapasa ukuta. Sisi tuko ghorofa ya kati: mie, mama, bibi na mdogo wangu wa kike ambaye bado yuko skuli. Juu yetu, tangu mwaka 2022, alikaa mwanamke mmoja wa Kidachi. Chini, katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala, akaja kukaa mwalimu wa hesabu, Mkenya wa Voi. Wageni wawili, na sisi katikati kama nyama ya sambusa.

Nataka kuandika habari ya pesa katika nyumba hii. Najua sisi vijana tunaoshika kalamu tunapenda zaidi kuandika mapenzi na bahari. Pesa tunawaachia wazee wa barazani na watu wa benki. Lakini kwa muda wa miaka mitatu pesa ndiyo iliyokuwa ikipanda na kushuka ngazi zile, na mie katika kuitazama nimefanya jambo moja ambalo sijamwambia mtu hapa nyumbani. Basi wacha niliseme huku, kwa watu nisiokutana nao ngazini.

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili. Sikuichagua. Nilimaliza masomo, nikazunguka na bahasha ya vyeti mpaka pembe zake zikapinda, mwisho jamaa mmoja akaniambia kuna mzungu anatafuta mtu wa kumsemesha. Nikamsemesha. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Dola 10 kwa somo la saa moja na nusu. Hakuna aliyenifundisha kutaja bei kwa dola, nimekuta hivyo. Chumba cha hoteli kwa dola, kwenda Changuu kutazama makobe kwa dola, tiketi ya boti ya Dar bei mbili, ya mwenyeji kwa shilingi na ya mgeni kwa dola. Ukitaja bei yako kwa shilingi mgeni mwenyewe anakutazama, anashuku labda wewe si mwalimu wa kweli.

Yule Mdachi alikuwa mwanafunzi wangu na jirani yangu. Kazi yake alikuja nayo kwenye kompyuta: akitafsiri maandishi ya kampuni za kwao, analipwa huko kwao kwa yuro, yeye amekaa huku juu dirisha wazi anasikiliza adhana na kunguru. Masomo matatu kwa wiki. Mwisho wa mwezi alinipa dola 120, noti mpya zilizonyooka kama zimepigwa pasi, maana alishajua tabia ya maduka yetu ya kubadilishia fedha: noti ya 100 ina bei yake, ya 5 ina bei yake ya chini, na iliyochapwa kabla ya mwaka 2006 wengi hawataki hata kuigusa. Bibi alishangaa sana siku alipoyasikia hayo. "Kwani pesa nayo inazeeka?" Nikamwambia ya kwao inazeeka kwa mwaka, ya kwetu inazeeka kwa siku.

Watu wanadhani mzungu anaishi hapa bure. Si kweli, na si uongo. Somo letu la tarakimu tulilifanyia Darajani, kila Jumamosi asubuhi, na daftari mkononi. Fungu la nyanya, kitita cha mchicha, changu mmoja wa wastani, nazi mbili. Anaandika bei kwa shilingi, halafu pembeni anaandika kwa yuro, halafu anacheka peke yake. "Mwalimu, ni bure!" Ilibidi nimfundishe kwamba neno lile halisemwi mbele ya mtu aliyekaa juani toka alfajiri. Na walimuuzia kwa bei ya mgeni, mara mbili, mara nyingine mara tatu. Hata hivyo ilikuwa bure.

Lakini daftari lile lilikuwa na kurasa za nyuma. Huko ndiko alikoandika kibali cha kuishi, kinacholipwa kwa dola. Umeme wa TUKUZA, ambao kwa mtu aliyezoea kulala na kiyoyozi unaisha kama maji kwenye pakacha. Boza la maji mifereji inapokauka. Siagi na jibini kutoka lile duka ambalo bei zake zimeandikwa kama namba za simu. Jino moja lililomuuma mpaka akapanda ndege kwenda Nairobi, na jino lile peke yake lilikula zaidi ya mboga za mwaka mzima. Aliyekuja na tumbo la kwao hulipa bei ya kwao, na juu yake nauli ya kukileta chakula. Kodi yake ilikuwa dola 400 kwa mwezi, anailipa miezi sita kwa mkupuo. Mwenyewe alisema kwao, Hamburg, chumba na sebule angelipa zaidi ya mara mbili. Basi ukichanganya yote, alikuwa akiishi vizuri kuliko kwao kwa pesa kidogo kuliko za kwao. Na jambo kubwa ni hili: kila shilingi yetu ilipoteleza, yeye aliongezewa mshahara bila ya kumwomba mtu. Simlaumu. Nadhani hata hakuwa akilitambua.

Niliyetambua ni mie.

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imeshapita 2,500. Katikati ya 2024 ikapita 2,600. Mie nikawa na ugonjwa wa kutazama bei ya dola kwenye simu asubuhi kabla sijanawa uso. Dola zangu 120, zilizokuwa kama 280,000, zikawa zaidi ya 312,000, na sikuwa nimemfundisha mtu neno moja zaidi. Nikawa nakwenda kulala huku moyoni nasema, Mola wangu, na kesho ipande kidogo. Ndugu msomaji, sijui kama wewe umewahi kuiombea mabaya pesa ya nchi yako. Mie nimeiombea, tena kwa unyenyekevu kabisa.

Sasa sikiliza upande wa pili wa ukuta. Mama yangu anauza maandazi. Anaamka saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili yuko barazani kwetu na beseni lake na kawa juu. Andazi lina vitu vinne vya maana: unga wa ngano, mafuta, sukari na mikono yake. Ngano nyingi inayoliwa nchini inatoka nje. Mafuta ya kupikia mengi yanatoka nje. Vitu hivi havijui Kiponda, vinajua dola. Dola ikipanda wiki hii, wiki ijayo mwenye duka anasema, "Mama, mzigo mpya umekuja na bei mpya."

Mama hakupandisha bei. Alisema ukimwambia mtoto wa skuli leo andazi shilingi 250 naye katumwa na 200, utamrudisha nyumbani analia. Akabaki na 200 yake, akapunguza andazi. Kwanza kidogo tu, mtu asiyejua asingejua. Halafu kidogo tena. Mwaka 2022 andazi la mama lilikuwa linajaza kiganja. Katikati ya 2024 lilikuwa linakaa kwenye kikombe cha kahawa likizama, na wateja wakaanza maskhara: "Mama, haya ni maandazi au vifungo vya koti?" Anacheka nao. Akipanda juu hacheki.

Siku moja nilipanda ngazi mbiombio nikamwambia, "Mama, dola imefika 2,620!" kama mtu anayeleta habari ya mtoto kuzaliwa. Alikuwa anakata donge. Akaniambia bila ya kuinua uso, "Mwanangu, ikipanda wewe unacheka. Mie najua leo nikate udogo gani."

Nilinyamaza. Lakini nilimpa 50,000 za unga mwezi ule, na nikajiona mtoto mwema. Baadaye nilipofanya hesabu nikaona zilikuwa zile zile zilizotoka kwake.

Bibi yeye alikuwa na mgogoro wake na neno lenyewe. Redio ikisema dola imepanda, anauliza, "Dola ipi tena? Wamebadilisha serikali?" Kwake dola ni dola: utawala, askari, wenye nchi. Tulicheka, lakini mie niliingia chumbani nikaliandika lile swali, maana nimeona wapo wasomi wasioliuliza vizuri kama yeye.

Na Bibi si mgeni wa mambo haya. Thumuni kwake bado ni senti 50, na thumuni maana yake ni sehemu ya nane. Ya nane ya nini? Ya riale, ile fedha ya Maria Theresa iliyopigwa mbali huko Austria na ikatumika katika biashara ya Unguja tangu wakati wa masultani wa mwanzo. Mamake Bibi alihesabu kwa rupia, ambayo iliondoka mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Hata neno pesa lenyewe ni la Wahindi. Pesa za watu zimekuwa zikishuka bandarini hapa na kupanda mpaka majumbani kabla hajazaliwa yeyote tunayemjua. Shilingi yetu wenyewe ilitoka mwaka 1966, na dola moja wakati ule ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 1985 ilikuwa kama 17. Mwaka 1995 ilikuwa imepita 500. Mwaka 2015 ikapita 2,000. Nikimsomea Bibi hesabu hizi anasema, "Na mie goti langu hivyo hivyo."

Tuje kwa Mwalimu. (Wote wawili, yule wa juu na huyu wa chini, tuliitana mwalimu, mtu akiita "Mwalimu!" kwenye ngazi tunaitika kutoka ghorofa tatu. Lakini hapa nikisema Mwalimu, ni yeye wa Voi.) Alikuja Januari 2023 kufundisha hesabu katika skuli moja ya binafsi. Mrefu, mpole, mashati yake meupe anayafua mwenyewe usiku. Kiswahili chake kilimchekesha Bibi, maana alikuwa akifika kwa mama anasema, "Nipe maandazi tano," na Bibi yuko dirishani anajibu, "Si tano, matano. Na hapa hatupeani kwa amri, tunaombana." Baada ya mwezi alikuwa anasema, "Shikamoo Mama, naomba maandazi matano, tafadhali," kwa sauti ya mtoto wa chuoni, na Bibi anafurahi kama amesomesha mtu Kurani.

Yeye naye ni mgeni. Ana kibali, ana pasi, kwenye karatasi za mwenye nyumba ameandikwa mgeni. Na mgeni, kwa mwenye nyumba wetu, analipa kwa dola: 100 kwa mwezi kwa chumba kile cha ghala chenye dirisha moja. Mshahara wake lakini ulikuwa wa shilingi, 900,000, na haukuwa ukitazama dola kwenye simu. Yule wa juu alipokea pesa ya kwao akatumia ya kwetu. Huyu wa chini alipokea ya kwetu, akalipa kodi ya Marekani, na akapeleka nyumbani ya Kenya. Watu wakikaa barazani wakazungumza habari ya "wageni wanaokula raha na madola," hakuna aliyekuwa akimkumbuka huyu anayepita pale na ndoo ya maji.

Kila mwezi alituma Voi shilingi 15,000 za Kenya, ada ya watoto na dawa za mzee wake. Januari 2024 nilimkuta Forodhani jioni, amekaa ukutani na sahani ya pweza. Nikamuuliza kulikoni, maana si kawaida yake. Akasema, "Shilingi ya kwetu imeanguka, ndugu yangu. Dola moja ni 160 huko." Akanitolea hesabu kwenye karatasi ya mishkaki: shilingi moja ya Kenya ilikuwa imeshuka kuwa chini kidogo ya 16 za kwetu, kwa hiyo zile 15,000 alizigharimia kama 235,000 tu. Nyumbani kwao bei zimepanda, mkewe analalamika kwenye simu, na yeye anakula pweza. "Si ni aibu?" akaniuliza. Nikasema, "Kula tu." Tulikuwa watu wawili tunaofurahia kuanguka, kila mmoja kwa upande wake, na bahari mbele yetu inapiga ukuta.

Furaha yake haikudumu. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni ya mwaka ule, na watu walikuwa wakiogopa haitaliweza. Februari ikakopa upya, hofu ikapungua, na shilingi yao ikainuka kwa haraka. Kufika Juni dola ilikuwa kama 130 kwao, na kwetu imepita 2,600. Sasa shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za kwetu. Zile 15,000 zikawa zinamgharimu 300,000 na zaidi. Hajakosea kitu, hajapunguza kazi, hajanywa, hajahonga mtu. Nchi mbili zimepishana juu ya kichwa chake.

Na hapo ndipo yalipoingia yangu. Miezi ile dola zilikuwa adimu. Ubaoni duka la fedha limeandika bei safi, ukiingia unaambiwa, "Kununua tunanunua, za kuuza hatuna." Ukizipata unapata 20, 30. Mwenye nyumba hataki shilingi. Anataka 100, noti moja, isiwe na kunjo. Mwalimu alizunguka kuanzia Malindi mpaka Mkunazini jua la mchana na bado akarudi na shilingi zake mfukoni. Jioni moja mwezi wa Mei akanigongea. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Nimesikia yule dada wa juu anakulipa kwa dola. Unaweza kunisaidia mia moja? Nitakupa shilingi zake."

Nikasema naweza. Akauliza kwa bei gani.

Hapa nasimama kidogo, maana nimeshaandika sentensi hii mara nne na kuifuta. Ningeweza kumpa kwa bei ya ubao. Ningeweza kumpa hata kwa bei ambayo duka lingeninunulia mie, nisipate hasara ya hata senti. Nikamwambia bei ya ubao na shilingi 100 juu ya kila dola. Nikasema, "Mtaani ndivyo zinavyokwenda." Ilikuwa kweli, mtaani ndivyo zilivyokuwa zikienda. Lakini mie si mtaa. Mie ni jirani yake, anayekula maandazi ya mama yangu, aliyemfundisha mdogo wangu milinganyo bila ya kudai kitu. Na kuuza dola kienyeji namna ile sheria hairuhusu, nalo nililijua.

Akahesabu shilingi zake mbele yangu, noti za elfu kumi kumi na za elfu mbili mbili, akaziweka juu ya meza, akasema, "Asante sana, umeniokoa." Akashuka.

Tulifanya hivyo miezi 7, Mei mpaka Novemba. Dola 100 kila mwezi, shilingi 10,000 kila mwezi za faida yangu. Katika daftari langu la hadithi, ukurasa wa mwisho, niliandika "M. 10,000" mara 7. Hakuna hata mara moja aliyobisha bei. Mara moja tu, Septemba, alisema kwa utani, "Wewe ungekuwa benki ningekopa," na mie nikacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Wakati ule ule nilikuwa naweka akiba. Wanafunzi wengine wawili walikuwa wananilipa, nami nilitaka kununua kompyuta ya mkono, iliyotumika, niache kuandikia kwenye simu. Sikuzibadilisha dola zangu. Nilisema nazingoja zipande. Mwisho wa Novemba nilikuwa na dola 380 ndani ya kopo la maziwa, na kichwani nimeshazihesabu kwa bei ya 2,700.

Disemba shilingi ikainuka. Ilikuwa kama mtu aliyelala muda mrefu akazinduka kwa kelele. Dhahabu na korosho zimeuzwa nje, watalii wamejaa mpaka Paje na Nungwi, Benki Kuu imekaza kamba, na dola ikateremka kwa wiki chache mpaka karibu na 2,400. Maduka yale yale yaliyokuwa hayana dola sasa yanazo na hayazitaki za kwangu ila kwa bei ya chini. Zaidi ya 100,000 ziliyeyuka ndani ya kopo bila ya mtu kulifungua. Nilikaa juu ya kitanda nikisikia uchungu wa kuibiwa. Redio inapongeza shilingi yetu kupata nguvu, na mie kijana wa Kitanzania nimenuna.

Nikamkimbilia mama, angalau nipate upande wa kufurahi. "Sasa unga utashuka." Akanitazama kama ananihurumia. Alikuwa ameshakwenda dukani kuuliza, na mwenye duka amemwambia, "Mzigo huu niliuingiza kwa dola ya zamani, Mama. Subiri." Alisubiri. Andazi halikurudi kwenye kiganja.

Mwalimu hakusubiri. Skuli zilipofungwa aliomba aongezewe mshahara, akaambiwa watamfikiria. Akafunga sanduku. Asubuhi ya safari alishuka na kupanda zile ngazi kutuaga mmoja mmoja: boti mpaka Dar, basi mpaka Tanga, Horohoro, Mombasa, halafu Voi. Bibi alimpa karafuu katika mfuko wa plastiki na maneno mengi. Mama alimpa maandazi 10, nami niliona kwa macho yangu kwamba yale 10 aliyakata kwa ukubwa wa zamani. Mie nilimbebea sanduku mpaka bandarini. Njiani nilikuwa na 70,000 mfuko wa shati. Nilipanga kumpa tukifika kwenye geti. Tulifika kwenye geti, kukawa na msukumano wa wapagazi na abiria, akanikumbatia, akasema, "Andika, kaka. Usiache kuandika." Nikarudi nazo.

Mwezi wa tatu mwaka 2025 zikatoka kanuni za kukataza bei za humu nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Wenye maduka ya utalii wakafuta alama ya dola kwenye vibao, wengine kwa kidole na mate. Mie pia nilikaa na wanafunzi wangu nikawatajia bei mpya kwa shilingi, na wakati nawatajia nilikuwa nimeshazidisha 10 kwa bei ya siku ile, ulimi tu ndio uliobadilika. Mwenye nyumba alifanya kama mie. Chumba cha Mwalimu amekipaka chokaa, ameweka kitanda chenye nguzo na chandarua, wanalala watalii siku mbili tatu. Mlango wa chini umesuguliwa misumari yake ya shaba mpaka inaumiza macho. Halafu akapanda kwa mama na karatasi. Hakuna neno dola katika karatasi ile. Kuna shilingi peke yake, nyingi, na mdogo wangu aliyesomeshwa hesabu na Mwalimu alichukua kalamu, akagawa, akasema, "Hii ni 150." Tumekaa ghorofa hii tangu kabla sijazaliwa, tukilipa kodi ya kizamani. Mama alimwambia mwenye nyumba atamjibu baada ya Idi. Idi ikapita. Tumelipa nusu, na mazungumzo yanaendelea kila mwisho wa mwezi, kwa heshima, kwa chai, na hakuna anayepandisha sauti. Mdachi ameondoka Juni. Amehamia Jambiani, anasema mji una kelele.

Usiku mmoja baada ya yeye kuondoka nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikaona zile "M. 10,000" saba. Nikachukua simu nikamtumia Mwalimu pesa kwa njia ya simu, mpaka Kenya. Nilifanya hesabu kwa bei ya siku ile, makato juu yangu. Zilitoka shilingi za Kenya 3,000 na kitu, hazijazi hata mfuko mmoja wa vitu vya dukani. Nikaandika chini: "Hizi ni zako, Mwalimu. Nilikuzidishia bei ya dola. Nisamehe."

Alfajiri simu ililia. Mama alikuwa jikoni anakata donge, nasikia kisu kinagonga ubao. Nilisoma gizani.

"Zimefika, kaka. Nilijua tangu Mei ile. Salamu kwa Mama na Bibi. Lakini hebu nionyeshe kazi yako: umetumia kiwango cha siku gani?"